Meza Moja: Habari za Baraza la Kikuyu na Wito wa Umoja wa Wakristo

Mwaka wa yubilee ni mwaka wa kushukuru, tena ni mwaka wa kufanya hesabu. Waisraeli wa kale, ilipotimia miaka hamsini, walipiga baragumu, watumwa wakaachwa huru, na kila mtu akarudi katika urithi wake. Basi nasi tunapoikumbuka kazi ya Mungu katika dayosisi yetu, imetupasa kuuliza: Urithi wetu ni upi? Na katika urithi huo, ni deni gani ambalo wazee wetu hawakulimaliza, likatuangukia sisi?

Deni moja ni kubwa kuliko mengine, nalo ni umoja wa Wakristo. Bwana wetu, usiku ule kabla ya kuteswa kwake, aliwaombea wanafunzi wake wawe na umoja, tena hakuuombea umoja ule kama pambo la Kanisa, bali kama ushuhuda ambao kwa huo ulimwengu ungemwamini yeye. Kwa hiyo kila farakano letu ni kikwazo kwa mtu asiyeamini bado. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki jambo hili lilijaribiwa mapema, kwa bidii nyingi na kwa ugomvi mwingi, wala habari zake hazipaswi kusahauliwa.

I. Mbegu ilivyopandwa

Hapo mwanzo wapandaji walisaidiana. Dr. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa Mjerumani, mtu wa Kilutheri, naye alitumwa na C.M.S., chama cha Kanisa la Kiingereza. Mwenzake Rebmann alimfuata mwaka 1846. Hata Wamethodisti walipotaka kuja pwani, Krapf yule yule ndiye aliyewaonyesha njia, nao wakaanza kazi Ribe mwaka 1862. Vile vile Misheni ya Vyuo Vikuu, U.M.C.A., iliyofika Unguja mwaka 1864, ilizaliwa kwa wito wa Livingstone, na Livingstone hakuwa mtu wa Kanisa la Kiingereza, alikuwa Mskoti wa madhehebu mengine. Ndivyo ilivyokuwa: Mlutheri alitumwa na Waanglikana, akawatangulia Wamethodisti, na Mskoti akawaita Waingereza.

Lakini kazi ilipoenea, mambo yakabadilika. Reli ya kutoka Mombasa ilijengwa tangu mwaka 1896 hata ikafika Ziwa Kuu mwaka 1901, na misheni nyingi zikaingia bara. A.I.M. ilikuja mwaka 1895. Waskoti walihama kutoka Kibwezi wakaenda Kikuyu mwaka 1898. Jamii ya Marafiki ilianza Kaimosi mwaka 1902. Ili wasigombane, wakapatana kugawana nchi: upande huu ni wa misheni hii, ng'ambo ile ni ya misheni ile. Mapatano hayo yalizuia ugomvi, nayo yalikuwa na hekima yake. Lakini yalileta jambo la ajabu. Mto au kilima kikawa mpaka wa dini. Mtoto aliyezaliwa upande wa huku akawa Mpresbiteri, na binamu yake wa ng'ambo akawa Mwanglikana, wala hakuna hata mmoja wao aliyejua kisa cha tofauti hiyo, kwa maana kisa chenyewe kilitokea Ulaya, miaka mia nyingi kabla yao.

II. Jeraha la Uganda

Mtu akisema kwamba tofauti hizo hazina madhara, na atazame habari za Uganda. Huko wasomi wa kwanza waliteswa pamoja. Kabaka Mwanga alipowaghadhibikia, vijana wa Kiprotestanti na vijana wa Kikatoliki walifungwa kwa kamba zile zile, na siku ya tarehe 3 Juni 1886 wengi wao waliteketezwa kwa moto mmoja pale Namugongo. Katika mashahidi 45 wanaokumbukwa kwa majina, Wakatoliki ni 22 na Waanglikana ni 23. Moto haukuwachagua.

Lakini haikupita hata miaka sita, na ndugu za wale waliokufa pamoja walipigana kwa bunduki. Katika mwezi wa Januari 1892 palikuwa na vita Mengo kati ya Wakatoliki na Waprotestanti. Watu hawakuwaita kwa majina ya imani zao. Waliwaita Wafaransa na Waingereza, kwa kuwa mapadre wa upande mmoja walitoka Ufaransa, na wamisionari wa upande wa pili walitoka Uingereza. Baada ya vita, masaza ya nchi yaligawanywa kwa dini, na vyeo vya machifu vikafuata kanisa la mtu. Jeraha hilo lilichukua miaka mingi kupona. Tazameni basi, ndugu, jinsi jina la Kristo lilivyoweza kufanywa bendera ya kabila la kigeni.

III. Shida ya mtu wa safari

Katika nchi iliyoitwa zamani Afrika Mashariki ya Kiingereza, yaani Kenya, hapakuwa na vita vya dini, lakini palikuwa na shida nyingine. Reli, mashamba ya Wazungu na mji mpya wa Nairobi viliwatoa watu makwao. Kijana aliyebatizwa na Waskoti huko Kikuyu alipata kazi Mombasa. Je, padre wa huko atampokea mezani pa Bwana? Mwanafunzi aliyekwisha soma ukatekumeni mwaka mzima kwa Wamethodisti alihamia mahali pa C.M.S. Je, aanze tena? Na mtu aliyetengwa na ushirika mahali pamoja kwa sababu ya dhambi, naye akakimbilia misheni ya pili, je, apokewe kana kwamba hakutenda neno?

Shida hizo hazikutoka vitabuni. Zilitoka njiani, katika miguu ya watu. Mkristo mchanga aliyefundishwa kwamba Mungu ni mmoja na ubatizo ni mmoja, alipofika mji wa ugenini alionekana kama si wa nyumbani. Wamisionari wakaona ya kuwa wasipopatana, Mwafrika atarithi magomvi yasiyo yake.

IV. Baraza la mwaka 1913

Mashauri yalianza kabla ya hapo. Dr. Henry Scott, mkuu wa misheni ya Kiskoti, na J. J. Willis wa C.M.S., aliyekuwa Maseno, walikuwa miongoni mwa waliotamani Kanisa moja la wenyeji. Dr. Scott alifariki mwaka 1911, asiyaone matunda. Willis akawa Askofu wa Uganda mwaka 1912. Hata mwezi wa Juni 1913 misheni zikakutana Kikuyu, kwenye kituo cha Waskoti, na Askofu Willis akawa mwenyekiti wa baraza, naye Askofu Peel wa Mombasa alikuwapo. Wakuu wa shauri walikuwa watu wa C.M.S., wa Kanisa la Skoti, wa A.I.M. na wa Methodisti.

Shauri lilikuwa hili: misheni ziungane katika shirikisho. Hazikutakiwa kuwa kanisa moja siku ile, bali kuweka msingi ambao juu yake kanisa moja lingeweza kujengwa baadaye. Msingi wenyewe ulikuwa Maandiko Matakatifu, Imani ya Mitume na Imani ya Nikea, na sakramenti mbili, Ubatizo na Ushirika Mtakatifu, ziadhimishwe kwa desturi iliyo sawa. Kila misheni iheshimu mipaka ya mwenzake. Mafundisho ya wakatekumeni na adabu ya kanisa vilinganishwe. Na Mkristo wa safari apokewe kama mgeni aliye ndugu.

Siku ya mwisho, katika nyumba ya ibada ya Waskoti, Askofu Peel aliadhimisha Ushirika Mtakatifu kwa Kitabu cha Sala cha Kiingereza. Mhubiri alikuwa Norman Maclean, mchungaji wa Kanisa la Skoti. Watu wa madhehebu mbalimbali wakapiga magoti pamoja, wakapokea mkate mmoja na kikombe kimoja. Waliokuwapo wakaona kwamba neno jipya limeanza katika Afrika.

V. Neno la Askofu wa Unguja

Habari zilipofika Unguja, Askofu Frank Weston alishtuka. Yeye alikuwa Askofu wa U.M.C.A. tangu mwaka 1908, mtu mwenye elimu nyingi, mwenye sala nyingi, na mpenzi mkubwa wa Waafrika. Alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akawashitaki maaskofu Peel na Willis kwa uzushi na mafarakano, akataka wahukumiwe. Uingereza nzima ikasikia jina la Kikuyu. Magazeti yakajaa barua. Watu wasioweza kuionyesha Kikuyu katika ramani wakapanga upande.

Si haki kumdharau Askofu Weston, wala kusema ya kuwa alichukia umoja. Hoja yake ilikuwa hii: Kanisa halikuanzishwa na sisi, hata tupunguze tutakacho. Uaskofu uliopokewa tangu mitume ni kifungo cha umoja. Ukiuweka kando ili kupata umoja, umekata kamba uliyotaka kufungia. Tena alihofia ya kuwa Waafrika watapewa Kanisa lililopunguzwa, kana kwamba wao hawastahili ukamilifu wa imani. Nao Peel na Willis walijibu ya kwamba hawakuuacha uaskofu. Waliwakaribisha tu ndugu waliobatizwa, ambao hawakuwa na mchungaji wao karibu.

Askofu Mkuu hakukubali kuwatia maaskofu hukumuni. Alilipeleka shauri mbele ya maaskofu washauri, wakakutana mwezi wa Julai 1914. Mara vita kuu vikaanza, na jibu lilitolewa wakati wa Pasaka 1915. Jibu lenyewe lilikuwa la tahadhari: mgeni Mkristo wa kanisa jingine aweza kupokewa mezani panapo haja, lakini Mwanglikana asitumwe kupokea Ushirika kwa wachungaji wasiowekewa mikono na askofu, na ibada kama ile ya Kikuyu isifanywe tena. Kila upande ulipata kidogo, wala hakuna uliotosheka.

VI. Mkutano wa pili, na matunda yake

Vita vilikuja katika nchi zetu pia. Maelfu ya Waafrika walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, wakafa kwa njaa na maradhi, na hakuna aliyewauliza madhehebu yao. Askofu Weston mwenyewe aliongoza kikosi cha wapagazi wa Unguja, akatembea nao kwa miguu. Askofu Peel alifariki mwaka 1916.

Mwezi wa Julai 1918 misheni zikakutana tena Kikuyu, na safari hii Weston alikuwapo. Aliyewashitaki alikuja kuketi nao. Alieleza njia yake ya umoja kwa wazi, ambayo ndani yake uaskofu ungepokewa na wote. Wengine hawakuweza kuikubali, lakini walisikilizana uso kwa uso, nalo ni jambo ambalo barua hazikuliweza. Misheni nne, yaani C.M.S., Waskoti, A.I.M. na Wamethodisti, zikatia sahihi mapatano ya Muungano wa Misheni.

Muungano huo haukuwa Kanisa moja, lakini haukuwa bure. Mwaka 1926 ulifungua Kikuyu shule ya Alliance, ambayo jina lake lenyewe ni muungano, nao vijana wa madhehebu mbalimbali wakasoma kwenye benchi moja. Shule ya wasichana ikafuata mwaka 1948. Mwaka 1943 lilianzishwa Baraza la Kikristo la Kenya, na baraza hilo ndilo lililozaa Baraza la Makanisa la leo. Mwaka 1955 chuo cha Mtakatifu Paulo, Limuru, kilichoanza Freretown mwaka 1903 kwa ajili ya Waanglikana, kikawa chuo cha pamoja cha kuwafundisha wachungaji. Hivyo waliokatazwa kukutana mezani walikutana kwanza darasani. Waalimu, jueni heshima ya kazi yenu.

Lakini yako mafundisho mengine, nayo ni machungu. Mwaka 1919 serikali ya Kenya ilitoa waraka wa kuwahimiza machifu wawapeleke watu kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na Dr. Arthur wa misheni ya Kiskoti, wakatoa neno kwa sauti moja, wakiyakemea madhara yake. Walakini walikubali kwamba kazi ya lazima yaweza kuwapo ikiwekwa chini ya sheria. Aliyekataa kabisa alikuwa Weston. Mwaka 1920 aliandika kitabu kidogo akiishitaki Uingereza kwa kuwageuza Waafrika kuwa watumwa wa namna mpya. Basi tuone: walioungana walisema neno nyonge, na aliyesimama peke yake alisema neno la haki. Umoja ni mwema, lakini umoja usiomtetea mdogo umekosa nusu ya Injili.

VII. Waliokosekana barazani

Mtu asomaye habari hizi huuliza: katika mikutano hiyo, Waafrika walikuwa wapi? Baraza la 1913 lilikuwa baraza la wamisionari. Walishauriana juu ya Mwafrika, kwa ajili ya Mwafrika, wala hawakumwita aseme. Kosa hilo lilidaiwa baadaye. Mwaka 1929, ugomvi juu ya tohara ya wasichana ulipotokea katika nchi ya Wakikuyu, Wakristo wengi waliziacha misheni, wakajenga shule zao na makanisa yao wenyewe. Hatusemi hapa kwamba desturi ile ilikuwa njema. Twasema kwamba mtu asiyesikilizwa ndani ya nyumba hutoka nje.

Tena tukumbuke kwamba umoja wenye nguvu kuliko mwingine haukuanza katika baraza lo lote. Katika miaka ya 1930 uamsho ulianza Rwanda, huko Gahini, ukapita Uganda, ukaingia Kenya na Tanganyika. Watu waliungama dhambi zao mbele ya wenzao, wakarudisha walivyoiba, wakapatanishwa na adui zao. Mpresbiteri na Mwanglikana, Mlutheri na Mmethodisti, wakaitana ndugu, wakaimba wimbo mmoja wa Tukutendereza, kila mmoja akikaa katika kanisa lake. Hapakuwa na hati wala sahihi. Uamsho nao ulikuwa na magomvi yake, lakini uliyavuka kwa miguu mitupu mapengo ambayo wakubwa walikuwa wakiyapima kwa kamba.

VIII. Kitabu kimoja

Liko tunda jingine la umoja ambalo kila msomaji analo nyumbani mwake, wala pengine hajui gharama yake. Zamani Biblia za Kiswahili zilikuwa mbalimbali. Wakristo wa Unguja walikuwa na Biblia yao, iliyotokana na kazi ya Askofu Steere. Watu wa Mombasa walitafsiri yao kwa Kimvita. Na Walutheri wa Tanganyika walipata tafsiri ya Roehl, iliyokamilika mwaka 1937. Mtu wa Mvita husema ndia, na mtu wa Unguja husema njia. Na kila mmoja alipenda kumsikia Mungu akisema kama mama yake. Kuliacha neno ulilolizoea katika sala si jambo dogo.

Walakini walikubali. Baada ya kazi ya miaka mingi, Agano Jipya la Muungano lilitolewa mwaka 1950, na Biblia nzima mwaka 1952. Kila upande ulipoteza maneno uliyoyapenda, na wote wakapata kitabu kimoja. Na katika miaka ya 1990, Wakatoliki na Waprotestanti walishirikiana kutoa Biblia Habari Njema. Mababu waliopigana Mengo wangeambiwa habari hiyo, wasingalisadiki.

IX. Deni lililobaki

Je, tumefika? Hatujafika. Katika miaka ya 1960, Waanglikana, Walutheri, Wamethodisti, Wamoravian na Wapresbiteri wa Afrika ya Mashariki walishauriana kuwa Kanisa moja, wakaandika hata taratibu za ibada, lakini shauri likafifia. Wakati ule mataifa yetu yalikuwa yamepata uhuru, na kila kanisa lilikuwa na furaha ya kujitawala, basi lilikuwa zito kukiacha kiti lililokipata juzi.

Lakini Mungu hakunyamaza. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa kanisa moja. Mwaka huo huo Wakatoliki na Waanglikana wa Uganda waliunda baraza la pamoja, katika nchi ile ile iliyotokwa damu. Mwaka 1964 Papa Paulo VI, alipowatangaza mashahidi 22 wa Kikatoliki kuwa watakatifu, aliwataja kwa heshima na wale Waanglikana waliokufa pamoja nao. Na mwaka 1969 alipofika Uganda alikwenda hata mahali pa ukumbusho wao Namugongo, akasali hapo. Ule moto wa mwaka 1886 uliowachanganya watoto ulikuwa umewatangulia wazee kwa miaka themanini na mitatu.

Basi, wapendwa, habari hizi zatufundisha mambo machache. Kwanza, wale waliobishana mwaka 1913 hawakubishana kwa kuwa hawakumpenda Kristo, bali kwa kuwa walimpenda. Tusiwahukumu upesi wanaotofautiana nasi. Pili, umoja hauji kwa kusema kwamba imani si kitu. Asiyejua aaminilo hana cha kumletea mwenzake. Tatu, shauri lilianza kwa mtu wa safari, naye yupo hata leo. Atakuja Jumapili kanisani kwetu akiwa mgeni, amebatizwa na mikono mingine, anajua nyimbo nyingine. Jinsi tutakavyompokea ndivyo itakavyojulikana kama tumelisoma somo la Kikuyu au hatukulisoma.

Na ninyi waalimu, wafundisheni watoto habari za ndugu zao wa makanisa mengine kwa ukweli na kwa upole, msiwarithishe magomvi ambayo hata babu zao hawakuyaanza. Katika kila mtaa pana mjane wa kutazamwa, mgonjwa wa kuuguzwa, kijana wa kuokolewa na ulevi. Kazi hizo zaweza kuanzwa pamoja kesho, pasipo kungoja baraza. Wazee wetu walishindwa kukaa meza moja, lakini walituachia shule moja, chuo kimoja na Kitabu kimoja. Sisi tutawaachia watoto wetu nini, yubilee ijayo itakapofika?

Mungu, aliye Mmoja, atujalie kulilipa deni hili.